Vigingi Vitatu vya Ssalongo

Vile vigingi vitatu nilivisogeza mimi. Nimelikana jambo hili mbele ya baba yangu, mbele ya mama yangu, mbele ya padri aliyenitayarisha kwa kipaimara, na mara moja, chuo kikuu, mbele ya msichana aliyekuwa akisomea saikolojia na ambaye alitaka tu nimpe tukio moja la utotoni kwa ajili ya zoezi la darasani. Nilimpa kifo cha paka wetu. Hatukuwahi kuwa na paka.

Mwezi uliopita walitia viraka barabara iliyo mbele ya geti langu hapa Nakuru. Harufu ya lami ya moto iliingia mpaka jikoni, ikatua juu ya chai, nami nikajikuta nimeshika kikombe bila kunywa, mtu mzima mwenye shahada mbili, nikiona haya mbele ya sufuria. Ninyi wa rika langu, mnaotafuta miwani mkiwa mmeivaa, mnajua jinsi harufu inavyoweza kumkamata mtu kwenye ukosi wa shati. Wenzangu hukamatwa na harufu ya mandazi ya nyanya zao. Mimi hukamatwa na lami.

Kaskazini mwa Doha, ukishapita Umm Salal na mashamba yake, kuna njia ya baiskeli ambayo siku hizi ni maarufu. Watu hupanda ndege kuifuata. Huvaa nguo zinazobana kila kitu walicho nacho na hata wasichonacho, wakaenda mbio jangwani, kisha wakageuka na kurudi kule walikotoka. Siipendi njia hiyo. Siwapendi wanaoipenda, na nina shaka na baiskeli kwa jumla. Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni kipande kimoja tu. Katikati ya mahali paliponyooka kama rula pana kona ndogo isiyo na sababu: njia inachepuka kushoto, inajutia, inarudi ilipokuwa na kuendelea kama vile hakuna aliyeona.

Waendeshaji wameipenda kona hiyo mpaka wameitungia historia. Wako wanaosema ilikwepa mkunazi mkongwe ambao baadaye ulikauka. Wako wanaosema hapo palipita njia ya ngamia, na waliochora ramani wakaiheshimu. Wako wanaosema mbunifu aliiweka makusudi, ili kumwamsha mtu anayesinzia juu ya usukani. Nimezisoma zote. Hakuna hata moja yenye msichana wa miaka kumi na mmoja, mwenye ndara za bluu na roho mbaya.

Tuliishi Najma, mtaa wa Doha, katika villa ya zamani iliyokatwakatwa kwa mbao laini ikawa nyumba za watu wengi. Mama alikuwa muuguzi, na sisi sote tulikaa Qatar kwa viza yake; Baba alipenda kusema kwamba alikuja nchi hiyo kama mizigo ya mkewe. Kazi yake ilikuwa kuendesha greda, mashine ya kukwangua barabara, na nguo zake zilinuka lami. Aliifanya Kenya miaka mingi kabla ya kuifanya kule, na alikuwa nayo kiburi cha kimyakimya, kile cha mtu ambaye barabara zake zinapitwa na watu wasiomjua.

Upande wa nyuma wa villa kulikuwa na chumba cha wanaume sita, na mmoja wao alikuwa Ssalongo. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Ni jina wanalopewa Waganda waliozaa mapacha, naye alilivaa kama medali. Mapacha wenyewe walikuwa Masaka, na alikuwa hajawaona tangu walipoanza kutembea. Ssalongo alifanya kazi kampuni moja na Baba. Mpimaji akisimamisha chombo chake cha miguu mitatu na kuonyesha kwa mkono, Ssalongo ndiye aliyepiga vigingi vya mbao vyenye vichwa vyekundu, akavifunga kamba kutoka kimoja hadi kingine. Kisha Baba alikuja na greda akakata ardhi, jicho lake likiwa kwenye kamba tu.

"Mimi natengeneza mstari," Ssalongo alikuwa akisema. "Baba yako anautii."

"Bila mimi mstari wako ni kamba ya kuanikia nguo," Baba alijibu.

Walipendana sana hao wawili. Sema sikupenda wapendane.

Hapa lazima nieleze nilivyoielewa kazi yao, maana maafa yote yanatoka humo. Nilikuwa nimemwona Baba akikwangua mchanga na chini yake ikatokea ardhi ngumu, safi, nyeupe kama mfupa. Nikajua, kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena katika jambo lolote, kwamba njia ilikuwa tayari humo ndani. Ilizikwa na upepo zamani, na hawa wanaume walikuwa wakiifukua. Vigingi vilikuwa vya kuonyesha tu mahali pa kukwangua, na mtu akivisogeza, njia itabaki palepale inapolala. Sikuona sababu ya kumuuliza yeyote. Mtoto mwenye akili nyingi haulizi.

Kila Ijumaa, siku ya mapumziko kule, sisi tukitoka kanisani na Ssalongo msikitini, Baba, yeye na mimi tulikwenda kule kwa pikapu ya kampuni. Baba alisema anakwenda kuangalia maji na mafuta ya greda. Mtoto haruhusiwi mahali pa kazi, hilo walilijua wote wawili, lakini siku ya mapumziko hapakuwa na mtu, na nyuma ya pikapu ilikuwa baiskeli yangu. Ilinunuliwa kuukuu katika duka la fundi mmoja pale Najma, ilikuwa ya kiume, na kiti chake kilinifika kifuani. Ardhi iliyokwanguliwa juujuu, ikingoja kukatwa ukingo, ilikuwa mahali pazuri pa kujifunzia. Mwalimu alikuwa Ssalongo, ambaye ujana wake aliumalizia mpakani Busia akibeba abiria kwa baiskeli.

Alikuwa mwalimu katili. Hakushika kiti hata siku moja. "Nikikushika utanizoea," alisema. Nilitakiwa kwenda sambamba na kamba, ikiwa mkono wangu wa kulia, karibu kiasi cha kuigusa nikinyoosha mkono, kigingi baada ya kigingi. Kila mara nilianza vizuri, na kila mara, nikifika mahali palepale, upepo wa baharini ulinisukuma kutoka kulia, nikatoka kwenye mstari na kuanguka.

"Nnyabo," aliniita, neno ambalo kwao ni la kumheshimu mwanamke na ambalo yeye alilitumia kama fimbo. "Kamba iko huku. Wewe unaenda wapi? Bahrain?"

"Ni upepo, Anko."

"Upepo haujapanda baiskeli. Ni wewe umepanda. Rudi."

Nilirudi. Nilianguka tena.

"Sasa umefika Bahrain. Wasalimie."

Ningeweza kuyavumilia hayo. Ambacho sikuweza kuvumilia ni kwamba Baba, aliyekaa kwenye kivuli cha greda na kikombe chake cha karak, chai ya maziwa ya huko, alicheka. Alicheka mpaka akafuta macho. Huyu ni baba ambaye hakuwahi kunipandishia sauti. Nilibeba jina la mama yake mzazi, na kwetu mtoto wa namna hiyo baba yake humwita mama; humpigi, humtukani, na akisema jambo unalisikiliza vizuri kidogo kuliko unavyowasikiliza wengine. Nilikuwa mama yake tangu nizaliwe. Na sasa mtu wa Masaka alikuwa amemfundisha kumcheka mama yake.

Ijumaa moja Ssalongo akatoa mtihani. "Wiki ijayo upite vigingi kumi bila kuiacha kamba. Ukipita, nitakuita mwendesha baiskeli. Ukishindwa, uza hiyo baiskeli ununue mbuzi. Mbuzi ukianguka juu yake huumii sana."

Baba akacheka tena.

Jua lilipoanza kuteremka, Ssalongo alitandika mkeka wake kando ya pikapu aswali alasiri. Baba alikuwa amelala, kofia usoni. Mimi nilitembea mpaka kwenye vigingi vyangu vitatu vya maangamizi, vile ambavyo upepo ulinishindia, nikavitikisa kimoja kimoja mpaka vikatoka. Nilivihamishia kushoto, upande ule ambao upepo ulinipeleka. Hatua mbili za ndara cha katikati, moja na nusu vya pembeni, ili kamba isionekane imevunjika. Sikuthubutu kutumia nyundo. Nilivikalia. Nilikaa juu ya kila kigingi kwa uzito wangu wote, nikajizungushazungusha, mpaka kikasimama. Ssalongo alikuwa na mgongo kwangu, uso wake kibla. Nilimwibia mstari wake akiwa kwenye sijida, na sikuona ubaya wowote isipokuwa kwamba mchanga ulikuwa wa moto.

Kesho yake, Jumamosi, Ssalongo alipelekwa na mpimaji upande mwingine wa njia. Baba akapanda greda akakata kipande kile. Nyuma yake likaja genge la mawe ya pembeni, watu wenye haraka, wakayapanga na kuyashikiza kwa saruji kufuata ukingo walioukuta.

Ijumaa iliyofuata nilifanya mtihani wangu. Kamba ilikuwa imekwisha kuondolewa, mawe yakiwa mahali pake, na Ssalongo akasema basi nifuate mawe. Nilipanda. Upepo ukaja pale unapokuja siku zote, ukanisukuma, na mawe yakasogea pamoja nami kama mtu mwenye adabu. Nilipita kumi, nikapita kumi na tano. Nilisikia Baba akipiga makofi. Niligeuka kumtazama Ssalongo nipokee cheo changu.

Hakuwa akinitazama. Alikuwa amechuchumaa, jicho moja amelifumba, akiuangalia ukingo wa mawe kwa urefu. Kisha akainuka, akaenda upande wa kulia, nje ya njia, akawa anafukua mchanga kwa ncha ya kiatu. Akapata shimo, la pili, la tatu, matundu ya vigingi vyake ya awali, yote kwenye mstari ulionyooka, na yote mahali ambapo njia haikuwa.

"Mzee wa greda," akamwita Baba, polepole. "Njoo uone."

Baba alikwenda akaona. Tulirudi Najma, na njiani, nikiwa katikati yao kwenye pikapu, ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hakukuwa na njia yoyote iliyozikwa chini ya mchanga.

Injinia aliiona kona siku iliyofuata. Kubomoa mawe kungekula siku ambazo hakuwa nazo, kwa hiyo akaamua ibaki, na mtu wa kulipia apatikane. Vigingi ni vya mtu wa vigingi. Ssalongo alimwonyesha yale matundu, kwamba vilisogezwa. Injinia alimwambia matundu hayana jina, alete mtu. Jioni hiyo Ssalongo akaja kwetu. Tulikuwa mezani. Hakuvua viatu, na huyu alikuwa mtu aliyekula kwetu kila Ijumaa na kuvua viatu hata akija kuomba chumvi.

"Muulize mtoto wako," alimwambia Baba.

Baba aliweka kijiko chini. "Mama, uligusa vigingi vya Ssalongo?"

"Hapana, Baba."

"Mwambie yeye."

"Hapana, Anko."

"Nnyabo," Ssalongo akasema, na safari hii hapakuwa na fimbo ndani yake, "ukisema ukweli, atakachofanya injinia ni kutugombeza sisi wazee kwa kukuleta pale. Ukisema uongo mimi naenda nyumbani."

Nilijua maana ya kwenda nyumbani: kufutwa kazi, na viza kufutwa pamoja nayo. Kila mtoto wa Najma aliijua. Chumba cha nyuma kilibadilisha watu kila mara. Nilitazama sahani. "Sikugusa."

"Umesikia," Baba akasema. "Mimi siwezi kumwambia mama yangu ni mwongo."

"Huyu si mama yako. Huyu ni mtoto."

"Katika nyumba hii ni mama yangu."

Mama alikuwa akinitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayedai amemeza dawa. Ssalongo alisimama mlangoni muda mrefu, akimwangalia rafiki yake, na Baba akachukua kijiko akaendelea kula. Nilimpenda sana Baba dakika ile. Ameniamini, nikajisemea. Dunia nzima inapinga, na yeye ameniamini.

Siku alipoondoka, Ssalongo alipita kwenye ngazi ambapo baiskeli yangu ilikuwa imeegemezwa. Nilikuwa nimekaa hapo. Aliweka begi chini, akabonyeza tairi kwa kidole gumba kuona kama lina upepo.

"Kale," akasema, neno lao la kusema sawa. "Nilitoa ahadi. Wewe ni mwendesha baiskeli."

Sikuipanda tena. Ilikaa pale kwenye ngazi mpaka tairi zikalala, na mtu mwingine akaichukua. Na Ssalongo nikamchukia kwa bidii ambayo ningeitumia kwenye hisabati ningekuwa daktari. Nilimchukia kwa kejeli zake, kwa mkeka wake, kwa mapacha wake ambao sikuwahi kuwaona, na zaidi kwa ile ahadi aliyoitimiza. Ilinibidi. Kama si yeye mbaya, ingekuwa ni nani? Baba hakumtaja tena, na mimi nilidhani ni kwa sababu alikuwa amekasirishwa na mtu aliyemsingizia binti yake.

Miaka mingi baadaye, Mama akiwa karibu kustaafu, nilikwenda Doha kumsaidia kufungasha, na nikajidanganya kwamba nahitaji kuiona ile njia kwa ajili ya makala ya gazeti langu. Langoni nilimkuta askari kijana, Mkenya, ambaye lafudhi yangu ilimfurahisha.

"Madam, huku ni baiskeli tu. Kutembea hawataki."

"Nataka kuona kona."

"Aa, ile kona. Hiyo ni design, madam. Kuna mzungu alichora. Alikaa hapo mwezi mzima akipima upepo. Si unaona vile imelala na upepo? Ukipita na baiskeli hausikii kitu. Jamaa alikuwa genius."

"Uliambiwa na nani?"

"Kila mtu anajua."

Nikamshukuru. Nilisimama kwenye lango hilo, katika joto la kuchemsha mayai, nikiwachukia waendeshaji waliokuwa wakipita na kofia zao za plastiki, kila mmoja akiinama kidogo kushoto kwenye kona, bila kufikiri, kama nilivyoinama mimi. Makala sikuiandika. Niliandika kuhusu bei ya vitunguu.

Baba alifariki mwaka huu, Kakamega, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Wiki tatu baada ya mazishi, na siku chache baada ya wale watu wa viraka, simu yangu ililia mchana nikiwa nahariri. Ilikuwa namba ya Uganda.

"Huyu ni nnyabo wa baiskeli?"

Sauti ilikuwa imezeeka lakini fimbo ilikuwa ileile. Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama.

"Ni mimi, Anko."

"Nimesikia mzee wa greda amepumzika. Pole."

"Asante. Anko, kuna jambo nilipaswa kukuambia zamani. Vile vigingi..."

"Vigingi najua. Unafikiri nimepiga simu Kenya kuuliza habari ya vigingi?"

"Baba hakujua," nikasema haraka. "Nilimdanganya. Aliniamini mimi. Usimlaumu yeye."

Nilisikia kuku upande wake, na mtu akimwaga maji chini.

"Baba yako alikaa kwenye greda miaka ishirini," akasema. "Kamba yangu ikilegea upana wa kidole, alikuwa ananipigia kelele kutoka kule juu. Hatua mbili, asizione?"

Nilifunga kompyuta.

"Alinipigia akiwa hospitali, akanipa na namba yako. Alisema aliona asubuhi ileile, kabla hajakata. Alisimamisha mashine akashuka. Akaona alama za ndara. Akaona na pale mtoto alipokaa kitako kwenye mchanga, mara tatu. Akacheka peke yake, alisema. Halafu akapanda, akakata."

"Kwa nini? Si angekuita uvirudishe?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Alisema alitaka Ijumaa upite. Alisema hatua mbili, na jangwa lote lile, nani ataona."

Nilikaa chini. Mezani kule Najma, kijiko kile. Baba alikuwa akijua alipokiweka chini, na alikuwa akijua alipokichukua tena.

"Yeye alikuwa na viza ya mama yako," Ssalongo akaendelea, bila haraka. "Wangemfukuza, angekaa nyumbani anywe chai. Mimi nilikuwa na kazi ile tu. Nilirudi, watu wakasema nilifukuzwa kwa kupima vibaya. Hapa Masaka mpaka leo nikimsaidia mtu kupima kiwanja, kuna mjinga atauliza kama kitakuwa na kona."

"Ulimsamehe, Anko?"

"Nilimwambia nimesikia."

"Na mimi?"

"Wewe nimekupigia kwa kazi. Wananiambia unaandika magazetini."

"Naandika kidogo."

"Basi andika kwamba vigingi vyangu vilikuwa sawa."

"Nitaandika, Anko. Nitaeleza yote, kuanzia..."

"Usieleze yote. Baba yako alieleza yote, simu ikaisha pesa. Andika vilikuwa sawa. Kale."

Akakata.

Vilikuwa sawa.